Jina Juu ya Daftari

Hakuna kitu kilichoweza kunishangaza mimi. Darasa la nne ndio mwisho wangu, lakini miaka ile ya foleni, watu wakipanga mawe kushika nafasi zao dukani, kwangu Butiama sabuni haikukatika. Biashara ilipofunguliwa nikaanza kununua samaki wa sangara Bukima na kupeleka kiwandani Musoma, na wenye digrii walikuwaga wananisalimia wao kwanza. Kwa hiyo binti yangu alipoacha kuongea, nilijua ni suala la kumpata mtu anayefaa na kumlipa.

Nilikuwa na mabinti wawili waliofuatana, walilala kitanda kimoja na walimaliza la saba pamoja. Mkubwa akachaguliwa sekondari, mdogo hakuchaguliwa. Wiki tatu kabla ya kuripoti shule, malaria ikamchukua mkubwa. Tukazika. Barua ya kuitwa shule bado ilikuwa kabatini, na mimi si mtu wa kuacha kitu kizuri kiharibike. Nikamvalisha mdogo sare za dada yake, nikampeleka Bunda na barua ile ile, akaandikishwa kwa jina la marehemu. Sikuona ubaya. Kwetu jina la aliyekufa anapewa mtoto ili lisipotee. Mimi mwenyewe naitwa jina la babu aliyekufa kabla sijazaliwa, na nimenenepa nalo.

Muhula haukuisha, shule wakamrudisha. Haongei, hali mpaka alishwe. Ukimwita anatazama mlangoni, kama anayeitwa yuko nyuma yake.

Mugeta kulikuwa na mganga mwenye sifa. Alitaka ng'ombe, nikatoa. Akasema ni wivu wa majirani, jambo ambalo niliona lina akili. Mtoto hakuongea. Bunda, kwenye zahanati ya mtu binafsi, wakamtundikia dripu tatu. Hakuongea. Nilivyozidi kulipa, ndivyo alivyozidi kukonda, na mimi hesabu ya namna hiyo sijawahi kuiona. Mama yake akasema hospitali ya serikali Musoma kuna nesi wa magonjwa ya akili. Nikamwambia mwanangu si kichaa.

"Sijasema kichaa," akanijibu. "Nimesema nesi."

Nesi mwenyewe alikuwa mama mfupi kwenye chumba kidogo. Nikatoa noti kabla hajauliza. Akasema wagonjwa wake hawalipi, hata sasa ambapo wagonjwa wengine wanachangia gharama. Ninunue tu daftari la kuandikia. Nikaenda kulinunua duka la jirani, nikarudi nimechanganyikiwa kabisa. Cha bure kinatibu nini? Nikamwomba kama kuna cha kulipia, cha uhakika zaidi, anipe hicho.

"Mzee, kaa," akasema. "Mtoto anaitwa nani?"

Nikataja jina alilotumia shuleni, maana ndilo lililokuwa kwenye barua ambayo shule walimrudisha nayo. Akaanza kuliandika juu ya daftari.

"Huyo ni dada," binti yangu akasema. Sauti imekwaruza kama ya mtu mzima. "Dada alishakufa."

Nesi akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza polepole, nikaeleza yote, pamoja na habari za babu. Akasema babu sikuwahi kulala naye kitanda kimoja. Jambo hilo nalifikiria mpaka leo, nusu naelewa, nusu sielewi.

Pa kuanzia, alisema, ni kumrudishia jina lake. Maana yake nafasi ya sekondari ndiyo basi, na sokoni nilishajitapa kwa watu wote. Nikatoka nje, nikazunguka jengo mara mbili. Halafu nikaenda dukani kununua daftari jingine.

Tulikwenda kila Alhamisi, miezi mitano. Nauli siihesabu, Musoma nilikuwaga naenda hata hivyo. Walichokuwa wanaongea mle ndani sikijui, mimi nilikaa benchi la nje. Siku moja, tunarudi, akaniambia ninanuka samaki. Nikashindwa kujua nicheke au nifanyeje.

Ng'ombe wa Mugeta na dripu za Bunda siziweki kwenye hesabu ya matibabu, hazikutibu kitu. Kilichotibu ni madaftari mawili, moja lililoharibika kwa jina la dada yake na moja lenye jina lake mwenyewe: shilingi mia moja na sitini.