La Kimarekani na la Kijerumani

Msinicheke. Miaka kumi nilikuwa fundi wa magari kwenye shamba la mkonge Mnyuzi, na mpaka leo sijui lipi kati ya magari mawili ya wakubwa lilikuwa bora. Gari la Kimarekani la meneja lilinguruma na kuchomoka kama mshale barabara ikinyooka. La Kijerumani la injinia lilikata kona za Kerenge bila kuyumba. Asubuhi nalisifu hili, jioni lile.

Mwaka 1974 tulihamia kijiji cha ujamaa Misima, nikawauliza wenzangu lipi lilikuwa bora. Bibi Mwaija, mkunga wetu, akanikazia macho. "Mhina, mjamzito anayekimbizwa hospitali tungemlaza kwenye lipi?"

Nikaanza kuhesabu milango. La Kimarekani lilikuwa na milango miwili tu. La Kijerumani lilikuwa na minne, ila ya nyuma sikuwahi kuifungua nione kama mna pa kumlaza mtu.