Farasi Aliyeachwa na Gonario

Shemeji yangu Bachisio hakuwahi kuwa mtu wa maneno, lakini tangu amzike Gonario, mwanawe wa pekee, hata salamu ilimtoka kwa shida kama jino. Dada yangu, mama wa mtoto, alitangulia zamani. Basi nyumba ikabaki na mwanamume mmoja, na huko nyuma kwenye malisho farasi jike mzee wa mbio, mwenye wazimu wake, aitwaye Folaga.

Gonario alikuwa mtunza farasi kwenye uwanja wa mbio. Folaga alipozeeka akawa hashindi tena, wenyewe walitaka kumpeleka kwa mchinjaji, maana kwetu nyama ya farasi huliwa na hakuna anayeona haya. Gonario akampakia kwenye lori akamleta kijijini. Majira yale yale ya baridi kijana akaugua, na kabla milozi haijachanua tukamzika. Farasi akabaki.

Na farasi gani, jamani! Jani likianguka, anaruka. Siku moja alibomoa ukuta wa jirani yetu Larentu, akawakimbiza kondoo wake waliokuwa na mimba, kadhaa wakaharibu. Jioni hiyo Antioco, kaka mkubwa wa Bachisio na mwenye malisho, akaingia jikoni kwangu bila hodi. Bachisio alikuwa mezani. Siku hizo alikuwa anakula kwangu, kama kule kudonoa kunaitwa kula.

"Sikiliza, mdogo wangu," Antioco akasema. "Sikukuu ya mtakatifu utampanda huyo kwenye maandamano, atembee kama farasi wa wenzako, watu wamwone. Akishindwa, naita lori la mchinjaji. Sifugi shetani kwa shayiri yangu mimi."

"Atatembea, kaka."

"Atatembea wapi! Samaki hukunjwa angali mbichi. Huyo ni bibi kizee!"

"Nimesema atatembea. Mallena, niongezee maharage."

Nikamwongezea mpaka sahani ikafurika. Tangu mazishi hakuwa ameomba kitu.

Mwanzo alikosea. Folaga akianza mbio, yeye anavuta hatamu, na akivuta, mnyama ndiyo anazidi kukata mbuga. Ndivyo alivyolelewa: kule kwenye mbio mpandaji akikaza hatamu, farasi anaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza mwendo. Bachisio akaanguka, akaanguka tena, ndipo akajifunza kulegeza. Akampunguzia shayiri, akampa majani makavu. Akawa anatembea naye kwa miguu vichochoroni, akimsemesha. Mambo aliyomwambia farasi yule hakuwahi kumwambia binadamu.

Mimi nilipewa kazi ya kelele, ili farasi azizoee. "Piga, Mallena!"

"Nimepiga mpaka sufuria limebonyea, mzee wewe! Utaninunulia jingine!"

Larentu naye, na uchungu wa kondoo wake, hakuacha kuchokoza. "Bachisio! Unamfundisha kutembea, au unamwandaa kwa kipaimara?"

Ilipofika Pasaka, Folaga alisimama ngoma ikipita ubavuni mwake. Baadaye akavumilia watoto wakimrushia maua. Bachisio akawa ananyoa ndevu na kuamka kabla sijamgongea. Nami nikaanza kutumaini. Mjinga mimi!

Siku ya sikukuu alivaa kofia nyeusi ya sufu na kizibao cha marehemu baba yake. Na Folaga akatembea! Nyuma ya sanamu ya mtakatifu, katikati ya ng'ombe waliovikwa maua na wapiga filimbi, shingo imelowa jasho, masikio yanahangaika, lakini anatembea. Nililia hadharani, sijali. Antioco alikuwa amesimama nje ya baa.

"Haya, mdogo wangu," akaita. "Nimekubali!"

Kwetu, aliyefiwa mwaka ule haachwi afike mlangoni pa kanisa peke yake. Wanaume wawili humshikia farasi wake, mmoja huku na mmoja huku, wakamsindikiza hadi mbele ya padri. Padri akiinua mkono kubariki, wanaachia. Ni upendo tu, tumeurithi. Antioco akaenda kushika upande wa kulia, na kushoto akajitokeza Larentu mwenyewe, ya kondoo ameshayasamehe. Wote wawili walikaza kwelikweli, maana hakuna aliyemwamini.

Nikamwona Folaga anabadilika. Kichwa juu, mwili unatetemeka, miguu ya nyuma inajikunja chini yake. Bachisio akapauka.

"Mwachieni," akasema. "Kaka, mwachieni taratibu..."

Padri akainua mkono. Wakaachia.

Alitoka shoti watu wakapiga mayowe. Kwenye kona ya kanisa Bachisio akarushwa kama gunia, akaangukia mawe. Folaga akazunguka kanisa lote peke yake, meza zikapinduka, bibi mmoja akavunjika mkono, kisha farasi akarudi pale pale alipoanzia akasimama, anahema, masikio wima, ananyoosha shingo kwa kila mtu. Ee Mungu wangu, alikuwa anangoja kusifiwa. Alidhani ameshinda. Hakuna aliyemgusa.

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Siku ya pili Bachisio akafumbua macho akanitazama.

"Mallena, tulikwenda uwanja wa mbio Jumapili ngapi, wewe na mimi?"

"Nyingi, shemeji."

"Si tuliwaona? Mmoja huku, mmoja huku, wanamshika farasi mpaka pale mbio zinapoanzia. Mkono unainuka, wanaachia." Machozi yakamtiririka mpaka masikioni. "Nikamfundisha ngoma, nikamfundisha filimbi. Hilo sikulifikiria."

"Kijiji kizima hatukulifikiria. Nani angelifikiria?"

"Gonario."

Nikamfuta machozi. La kuvunda halina ubani.

"Mwambie kaka asiite lori," akasema. "Nikipona naanza naye upya."

Lori lilikuwa limeshakuja asubuhi ile, likamchukua. Antioco aliahidi jikoni kwangu, na mbele ya watu akatimiza, huku analia.

"Nitamwambia," nikasema.

"Maji anampa nani?"

"Mimi."

"Anakunywa?"

"Anakunywa, shemeji. Lala."