Nilimsingizia bibi jirani kwamba anauroga mpeasi wangu, Lizaboni, Songea

Wakuu, habari za muda huu. Mimi humu huwa msomaji tu, ila leo nimeamua kujianika mwenyewe. Anayetafuta chai apite uzi mwingine. Hili nililifanya mimi na bado linaniuma.

Ni miaka ya tisini mwanzoni, zile za ruksa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni kutoka Njombe, nimejenga kijumba Lizaboni. Mshahara haufiki katikati ya mwezi, kwa hiyo kila mtumishi alikuwa na project yake. Mmoja mitumba, mwingine kuku wa kisasa.

Mimi nikasema nitauza mapeasi.

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini ujanani niliwahi kufanya kibarua kwenye bustani ya misheni, nikaona mpeasi umelazwa bapa ukutani: shina katikati, matawi yamenyooshwa kushoto na kulia kama mtu anayepimwa shati kwa fundi. Hauli nafasi kabisa.

Basi nikaleta mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kwenye shina la mti mwingine, kutoka kwetu, nikapita nao Madaba umo kwenye ndoo juu ya magunia ya viazi. Nikaupanda kwenye uzio wa mabanzi kati ya kwangu na kwa Bibi Kolumba.

Huyu bibi alikuwa Mngoni wa palepale, mjane, hakujaliwa mtoto. Alijikimu kwa kuuza togwa.

Matawi marefu niliyafunga kwenye mabanzi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vile vijiti vifupi vyenye mikunyanzi vinavyochomoza pembeni, kila kiangazi nilivikata vyote, mti ubaki msafi. Wapita njia wakawa wanasimama kuusifia. Nikavimba kichwa.

Mwaka wa tatu, hakuna hata tunda. Wa nne, hakuna. Wa tano, hola.

Bibi Kolumba kila asubuhi alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa mabanzi. "Mti wako mzuri, mlongo," anasema. Mlongo ni ndugu, kwa Kingoni.

Mwanzoni nilifurahi. Baadaye maneno yale yakaanza kunikera. Mbona anausifu kila siku na hauzai? Na yeye mwenyewe hakuzaa.

Ndiyo wakuu, niliwaza hivyo, mtu mwenye cheti cha ualimu.

Sasa sikilizeni aibu yenyewe. Jumuiya yetu ilikuwa inasali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, na mwishoni kila mtu anataja nia yake. Siku hiyo tulikuwa kwangu, Bibi Kolumba akiwemo. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Tumwombee jirani mwenye jicho zito, amwachie mwenzake mti uzae."

Sikutaja jina. Ila jirani wa uzio ule alikuwa mmoja tu, na vichwa vyote viligeukia kwake.

Watu wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Na yeye aliitikia. Sauti yake ilichelewa kidogo, nikaisikia peke yake.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kusali kwake. Walikwenda watu wawili. Mzunguko uliofuata nyumba yake ikarukwa. Togwa yake ikawa inashinda kwenye ndoo mpaka inachacha, nani anywe kwa mchawi? Mimi nilikuwa nayaona yote hayo na nikakaa kimya.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, akabisha hodi ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tawi lako lilipenya likaja kwangu. Mti wa mtu haukatwi, nikalifunga kwenye banzi kama unavyofanya wewe. Haya, matunda yako."

Mapeasi saba.

Nikamfuata mpaka upande wake. Tawi moja limelala bapa, limefungwa kwa vipande vya kanga iliyochakaa. Bado lilikuwa na mapeasi mawili ambayo hayajaiva, na yote mawili yametoka kwenye vile vijiti vifupi vyenye mikunyanzi. Vilevile nilivyokuwa navikata mimi kila mwaka. Mti ulizaa pale mkasi wangu usipofika.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaniinua.

"Nimekusamehe, mlongo. Ila hapa tuko wawili. Kule ulinisema mbele ya watu."

Nikamwahidi nitasema kwenye jumuiya. Jumamosi ikafika, zamu yangu ikafika, nikashukuru kwa mvua. Iliyofuata, nikaombea wagonjwa. Yeye amekaa kwenye kona ya mkeka, ananisubiri. Niliogopa kuchekwa, mwalimu mzima.

Kisha uhamisho ukanikuta, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Miaka baadaye nikasikia amefariki, na waliokwenda kumzika hawakujaza hata uwanja wake.

Nilichojifunza: ukimvunjia mtu heshima hadharani, msamaha wa uani hautoshi. Na ukisikia mtu anamtafuta mchawi wa shamba lake, mwambie kwanza akague panga lake.

Wenye kunichana mnichane, sitajibu vibaya. Wataalamu wa matunda nao karibuni.

Ila kama humu yumo aliyesali jumuiya ile ya Lizaboni, au mama yake alisali, naomba amfikishie: Bibi Kolumba hakuwa na jicho lolote. Mti niliuharibu mimi.