Mashua ya Wakata Mkonge

Juzi nilishuka Segera kubadilisha gari, nikakuta mafundi wa barabara wanachemsha lami kwenye pipa. Abiria wenzangu waliziba pua. Mimi nilisimama pale pale nikaivuta harufu ile, nikajiona tena niko darasa la sita, nimechuchumaa kando ya Mto Pangani, vidole vyeusi hadi kwenye kucha.

Tulikuwa tunatengeneza mashua. Zamani ilivusha wakata mkonge, na shamba lilipofungwa ikatupwa kwenye matete, ikawa nyumba ya kenge. Daraja lilikuwa mbali. Watoto wa ng'ambo, akiwemo rafiki yangu Amina, walivuka kwa miguu kuja shule wakati wa kiangazi, na masika walibaki makwao. Baba mdogo Shabani, aliyenilea tangu baba yangu afariki, ndiye aliyewaambia watu, "Tuifufue wenyewe." Alikuwa na maneno ya kumfanya mtu aache jembe shambani amfuate.

Watu walikuja kila Jumamosi, bila malipo. Mzee Hoza, fundi seremala, alitoa mbao za mvule alizojiwekea kwa ajili ya mlango wa nyumba yake. Akina mama walileta makande. Sisi watoto tulisokota nyuzi za katani, tukazichovya kwenye lami na kuzishindilia kwenye nyufa. Amina aliimba vibaya makusudi, mpaka Mzee Hoza akatishia kumziba mdomo kwa katani.

Asubuhi ya kuishusha majini, Baba mdogo aliniita uani.

"Mwanangu, waambie wote wanisubiri shuleni. Naenda Segera kuchukua kamba. Nikirudi tutashuka mtoni pamoja."

Nilikimbia. Nikamwamkia Mzee Hoza shikamoo, nikampa ujumbe kama nilivyoupokea.

"Marahaba," alisema. "Kama umesema wewe, tutasubiri."

Tulisubiri hadi jua likawa la utosi. Tulipochoka tukateremka mtoni, tukakuta magogo yaliyokuwa yameibeba mashua yako matupu, na alama za matairi ya lori. Mama mmoja aliyekuwa akifua pale alituambia kwamba Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyewasaidia wachimba mchanga kuipakia. Baadaye tulisikia wamempa pikipiki.

Mzee Hoza alinigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Sikujua, mzee."

Aliokota randa yake akaondoka. Masika yale Amina hakuja shule, na yalipokwisha hakurudi tena. Tangu hapo, nikipeleka ujumbe nyumba yoyote, wenyeji walimtuma kwanza mtoto wao kwenda kuhakikisha.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Baba mdogo kwa nini alinituma mimi, ilhali wanawe wawili wakubwa walikuwepo. Alicheka kidogo, akaendelea kumimina chai.

"Wale nani angewaamini? Wewe hukuwahi kusema uongo."

Alisema kama ananisifu. Miaka yote ile nilidhani alinituma kwa kuwa nilikuwa karibu. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba alinichagua. Yeye aliuhitaji ukweli wangu kwa asubuhi moja tu. Mimi niliuhitaji kwa miaka yote niliyobaki pale kijijini.