Siku niliyocheza mtawa wa karate Kangemi, nusura tupigwe mawe

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kwa simu na mlio kwa kompyuta ya ofisi mkijifanya mko busy.

Nimesoma hapa nyuzi nyingi za watu waliokutana na majini. Mimi jini sijawahi kukutana nalo. Lakini nimewahi kunyolewa kipara, nikajifunga kitambaa cha rangi ya machungwa, nikatembea peku Kangemi mchana kweupe. Yote nitakayoandika yalitokea. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu wengine wao siku hizi ni wazee wa kanisa.

Vuteni viti.

Katikati ya miaka ya elfu mbili, enzi za kukwaruza kadi ya credit ya simu na sarafu ya shilingi, mimi nilikuwa actor.

Msicheke.

Nilikuwa kwa kikundi cha kuigiza set books za shule. Asubuhi tuko jukwaani hapo town, ukumbi umejaa wanafunzi wa form four wanaokula crisps. Unakufa kifo cha uchungu mbele yao, wanapiga makofi na kudai urudie.

Nilikuwa bado naishi kwa mathe, Mountain View. Mathe ni mjane. Alifundisha nursery ya kanisa miaka mingi hadi akastaafu, na kuanzia kwetu hadi Kangemi hakuna anayemwita jina lake. Ni Teacher. Hata wazee wenye mvi wanamwita Teacher.

Basi kulikuwa na jamaa mmoja mwenye studio Hurlingham, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la masofa. Tumuite Director, maana hata bibi yake alikuwa anamwita hivyo. Kazi yake ilikuwa kushoot video za harusi na za mazishi. Siku moja aliniita nikampata amesimama kwa dirisha kama rais anayefikiria nchi.

"Njoro," akasema, "unakumbuka ile series ya cowboy ya yule mtawa?"

Kwa wale waliozaliwa juzi: kulikuwa na series ya zamani, wazazi wetu waliitazama kwa runinga ya black and white. Ni Marekani ya farasi na bastola. Mtawa mmoja wa Kichina anazungukazunguka huko peke yake, peku, na kifurushi begani. Hataki vita na mtu. Anaingia mji, anaomba maji ya kunywa, wahuni wanamsukuma. Anavumilia. Wanamsukuma tena. Anavumilia. Karibu na mwisho anawatandika wote, anaokota kifurushi chake, anaondoka.

Kila wiki hivyo hivyo. Na kila wiki watu walishangaa.

Director alitaka kutengeneza ya Kenya. Episode moja ya kuonyesha watu wa TV, wakipenda tutengeneze zingine.

Nikamuuliza, "Si hiyo ni western? Tutatoa wapi jangwa?"

"Hurlingham, Adams, Kangemi," akahesabu na vidole. "Hii yote si ni western side ya Nairobi?"

Wakuu, mtu akikujibu hivyo, unaanzia wapi kumpinga? Nikakubali.

Nilinyolewa River Road. Kitambaa tulinunua Biashara Street, na muuzaji akatuuliza kama ni cha maombolezo au cha timu ya mpira. Nikikata njia kupitia bustani ya Jeevanjee nikakutana na mhubiri wa saa ya lunch. Aliponiona na kile kipara na lile vazi, alisimamisha mahubiri, akanielekezea kidole na kupaza sauti: "Hata leo shetani ametuma mjumbe wake!"

Umati mzima ukageuka. Nikawapungia mkono. Sikujua la kufanya.

Nyumbani ndiko kulikuwa na ngori, balaa yenyewe.

Mathe alikuwa anachagua mchele kwa veranda. Aliniona nikiingia kwa gate, sinia ikamtoka mkononi.

"Njoroge, nani amekufa?"

"Hakuna mtu, Mum. Ni kazi."

"Kazi ya kunyoa?"

"Nacheza mtawa. Ni filamu."

"Mtawa wa kanisa gani?"

Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilianza kueleza. Nikasema hana kanisa, anatembea tu, anakaa kimya, anafikiria. Kila nilichoongeza kilizidisha ubaya. Wakati huo magazeti na mimbari zilikuwa zimejaa habari za madhehebu yanayoteka vijana, na hapa kijana wake mwenyewe amerudi peku, na kipara, anasema anajifunza kukaa kimya.

Kesho yake wamama wa fellowship walikuja. Waliniweka katikati ya sebule, wakanimwagia mafuta ya upako kwa kile kipara, mikono yote juu. Kichwa bila nywele hakishiki mafuta, wakuu. Yote yaliteremka machoni. Nilikuwa nalia, wakadhani ni toba, wakaongeza.

Nilifika shooting nikimeremeta. Director alifurahi sana. Akasema hiyo lighting ndiyo alikuwa anatafuta.

Scene ya kwanza tulishoot Adams Arcade asubuhi mapema, mtawa akiingia mjini. Farasi tulipewa na mtu anayefuga wale waliostaafu mbio. Aliyempanda alikuwa Wafula, jambazi mkuu wetu. Wafula ni fundi wa mbao kutoka Bungoma, mwili kama kabati ya milango mitatu, uso wa mtu anayetafutwa na polisi, na roho ya kondoo. Anaimba bass kwa kwaya. Director alimchukua kwa sababu ya uso.

Yule farasi alipita karibu na wale wauza miche wa Ngong Road, akaingia kwa miche kama mgeni kwa buffet. Wafula yuko juu anaomba msamaha, farasi anatafuna. Ndio ulikuwa mwisho wa farasi. Kutoka siku hiyo western yetu ilitumia punda wa kubeba maji.

Jioni hiyo mathe alinisubiri mlangoni.

"Ukirudi kwa hao watu, usirudi kwa hii nyumba."

Hakupiga kelele. Mathe akikasirika kweli anateremsha sauti, na hiyo ndiyo ilinitisha. Sikulala vizuri. Lakini kulipokucha nikaenda. Nilikuwa nimechoka kufa mbele ya watoto wanaokula crisps, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipa nafasi ya kuwa kwenye kila scene.

Siku hiyo tulikuwa Kangemi, kiwanja cha chini karibu na bonde. Tulisimamisha kibanda cha mabati, tukaazima mama mboga wa hapo na nyanya zake. Scene ilikuwa hivi: majambazi wanavamia kibanda, mama anapiga nduru, mtawa anatokea.

Wafula alikuwa na kofia kubwa, buti za cowboy zinazombana, na bastola aliyoichonga mwenyewe na kuipaka rangi nyeusi. Alijivunia ile bastola. Ukiwa mbali kidogo, ungeinua mikono.

Director akamwambia mama mboga, "Wakifika tu, unapiga nduru, unasema mwizi."

Mama akamtazama. "Hiyo neno?"

"Ndiyo."

"Hapa?"

"Mama, ni sinema."

Take ya kwanza alisema "mwizi" kama mtu anayeomba chumvi. Director akakata. Akamwambia anataka itoke tumboni. Mama akasema, "Mimi siiti hiyo neno bure hapa, watu wangu." Director akamwambia watazamaji hawatamsikia.

Sawa. Take ya pili mama alivuta pumzi, akafungua kifua.

"MWIZIIII!"

Wakuu, nimeigiza miaka. Sijawahi kusikia acting kama ile.

Halafu watu wakaanza kutokea. Kutoka kwa car wash ya juu, kutoka kwa nyumba iliyokuwa ikijengwa, kutoka kwa vichochoro. Mawe, mbao, nondo. Mtu mmoja alikuwa anabingirisha tairi, na kila Mkenya anajua tairi ni ya kumchomea mwizi.

Walichoona wao ni wanaume wenye bunduki wanamwibia mama mboga.

Majambazi wetu wengine walihepa, hao walijua vichochoro. Director aliruka ndani ya pickup yake, akapandisha kioo, akaanza kupaza sauti "Ni sinema! Ni sinema!" Nilikuwa naona mdomo unafunguka tu. Sauti haikutoka nje.

Wafula alijaribu kukimbia na zile buti. Alianguka karibu na nyanya.

Na mimi? Nilikimbia. Sitawadanganya. Nilikimbia na lile vazi limeshikwa mkononi kama sketi. Kisha nikageuka nikaona wamemfikia Wafula, na amejikunja ameshika kichwa, anasema "Wazee, wazee, wazee." Neno hilo moja tu.

Sijui kilichonirudisha. Nilijikuta nimesimama mbele yake, nimepanua miguu, mkono mmoja mbele na mwingine kiunoni, ile style tuliyofanyia mazoezi wiki mbili.

Watu wakasimama.

"Huyo anajua karate!" mmoja akasema.

Nawaambia, kwa dakika hiyo moja nilikuwa mtawa kamili. Nikawatazama machoni. Nikapumua kwa pua.

Kisha mtu wa nyuma akarusha jiwe, likanipata begani, na karate ikaisha hapo hapo. Nilianguka juu ya Wafula nikalia mama yangu.

Na mama yangu akaitika.

Alikuwa amekuja na wale wamama wa fellowship kuninyakua kutoka kwa dhehebu. Waliuliza kule barabarani kijana wa kipara amepita wapi, wakaonyeshwa njia ya bondeni. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona, ile ya chini.

"Kamau. Hiyo jiwe ni ya nini?"

Kamau, aliyefundishwa naye nursery, sasa alikuwa na masharubu na watoto wawili nyumbani. "Teacher, ni mwizi."

"Nimekuuliza jiwe ni ya nini."

Kamau akalificha nyuma ya mgongo.

"Weka chini. Na wewe, Mwangi, nakuona. Kaeni chini."

Wakuu, Kamau aliketi. Mwangi akaketi. Na mwingine. Si wote, wale wasiomjua walibaki wima wakishangaa. Lakini ni vigumu kuua mtu wakati jirani yako ameketi nyasini amekunja mikono.

Mathe akapita katikati yao na handbag yake, akasimama juu yetu. Miguu yake ilikuwa inatetemeka, niliiona kwa sababu nilikuwa chini. Juu hakuna aliyejua.

Akamuuliza Wafula, "Unaitwa nani?"

"Wafula, Mum."

"Nipe hiyo bunduki."

Wafula akampa. Mathe akaigonga kwa jiwe, ikavunjika vipande viwili. Ndani ilikuwa nyeupe. Mbao ya cypress, safi kabisa. Akainua kipande juu kila mtu akaona.

"Hii ndiyo mlikuwa mnataka kuchomea mtu?"

Mtu fulani nyuma akacheka. Halafu mwingine. Mwenye tairi akalitazama tairi lake kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine kwa makosa.

"Na huyu wa orange?" mmoja akauliza.

"Huyo ni wangu," mathe akasema. "Nitamchapa mwenyewe."

Basi kicheko kikawa cha wote, na hapo nikajua tutaishi.

Niwaambie tu kwamba ile filamu haikuonyeshwa popote. Director alipeleka kanda kwa watu wa TV, wakamwambia mtawa anatakiwa ashinde vita. Akarudi kwa harusi zake. Mimi nikarudi kwa set books hadi nywele zikaota.

Lakini kitu ninachotaka mjue kilitokea alasiri hiyo, nyumbani.

Mathe alitufungulia mlango sote wawili bila kutaja maneno ya jana yake. Alinisafisha bega na maji ya chumvi, akatuwekea chai. Wafula alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto. Jitu zima lile.

Alipoweza kuongea akasema, "Mum, asante. Ungekosa kujua ni sinema, saa hii mimi singekuwa hapa."

Mathe alikuwa anakata mkate. Hakuinua macho.

"Mimi sikujua ni sinema."

Tukamtazama.

"Nilijua Njoroge yuko huko na watu wa dini fulani," akasema. "Wewe nilidhani ni mwizi. Hiyo bunduki sikujua ni ya mbao hadi ilipovunjika."

Wafula akaweka kikombe chini. "Na bado ukaingia katikati?"

Mathe akamtazama kama mtoto wa nursery aliyeuliza swali la ajabu.

"Kwani mwizi hana mama?"

Akampakia siagi kwa mkate, akamsogezea.

Wafula aliweka uso kwa mikono, mabega yakatikisika. Mimi nikajifanya naangalia dirishani.

Somo langu si refu. Nikikuta watu wamezunguka mtu na mawe, siulizi tena amefanya nini. Naingia, au napiga nduru, au naita mtu anayeogopwa kuliko mimi. Tangu siku ile nimefanya hivyo mara moja, hapo Kangemi stage. Nilichaniwa shati, na yule kijana waliyemzunguka akaenda kwao akiwa hai.

Hizi ndizo zangu. Kama umewahi kuwa chini pale, ama umewahi kuwa juu na jiwe, andika hapo chini, hatutakuhukumu. Na kama ulikuwa Kangemi siku hiyo na hukuketi ulipoambiwa, jitokeze tu. Mathe bado yuko, macho yake ni mazima, na anasema kuna wawili ambao hajawasahau.