Dirisha la Mzee Macho

Nyonga ilianza kumsumbua mzee tangu enzi za utarishi, alipokuwa akizunguka mji na mkoba wa barua begani. Utarishi ulipokwisha mguu ulikuwa umeshachoka, lakini miguu ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo, akaenda kuiuza kwingine.

Ofisi iliyompokea ilitengeneza programu ya simu ya kusimulia mji. Mtu anatembea, vidude masikioni, na kila anapofika mahali simu inatambua na kumpa kisa cha hapo hapo. Kazi yake ilikuwa kupita njia kabla ya visa kutungwa. Simu mfukoni ilirekodi alipopita, alipokawia, aliposimama. Binti aliyebuni programu hiyo aliamini kwamba mtu akisimama mahali bila kuambiwa, basi pana hadithi.

Katika njia ya kwanza kabisa, kando ya duka la vioo, nyonga ilimkaba. Akaegemea ukuta mpaka maumivu yakapoa. Jioni binti akamwonyesha duara jekundu kwenye ramani ya kompyuta.

"Mzee, hapa ulisimama sana. Uliona nini?"

Aibu ikamshika. Akitaja mguu atarudishwa nyumbani. Nani amwajiri mtembeaji asiyeweza kutembea? Akakumbuka jengo la ng'ambo ya barabara.

"Lile dirisha," alisema kwa sauti ndogo. "La juu kabisa. Halifunguliwi."

Binti akapiga meza kwa furaha. Haukupita muda, dirisha likatungiwa kisa cha fundi cherehani aliyemngoja mchumba wake hapo mpaka nywele zikawa nyeupe. Watu wakaja na simu zao, wakasimama kando ya duka la vioo, wakainua shingo, wengine wakatoa leso. Ofisini wakambandika jina: Mzee Macho.

"Macho gani!" mkewe alicheka, akimkanda nyonga kwa kitambaa cha moto. "Mtu anayevaa shati ndani nje! Waambie ukweli, baba watoto."

"Wataniacha."

"Na mguu nao utakuacha. Sijui nani atatangulia."

Hakuwaambia. Na sifa, kama kawaida yake, ikaleta kazi zaidi: njia mpya ya kilimani, ngazi juu ya ngazi. Safari hii binti mwenyewe alitaka kufuatana naye.

"Nataka nione unavyoona, mzee."

Walianza jua likiwa limeshapanda. Alishika chuma cha pembeni, akapanda ngazi chache, akasimama. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Nyuma yake binti akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kumrusha ndege.

"Umeona nini?"

Aliinua kichwa. Palikuwa na mlango wa buluu, paa lenye kutu, kamba ya nguo. Chochote kati ya hivyo kingefaa. Lakini alikuwa amechoka hata kudanganya.

"Ngazi," alisema.

"Ngazi zina nini?"

"Ni nyingi, binti yangu. Nyonga inaniua."

Binti alimtazama mguu, kana kwamba ndiyo kwanza auone.

"Na lile dirisha?"

"Siku ile nilikuwa napumzika tu. Ulipouliza, nikaokota la kusema."

"Mzee! Watu wanalia pale!"

"Nimewaona. Hata mimi nilikaribia kulia, tena kabla yao."

Binti alitaka kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akavua vidude masikioni.

"Kesho njoo ofisini, tuongee."

Hiyo "tuongee" aliijua. Utarishi wake nao uliishia kwa neno hilo hilo. Alijishusha polepole, akakaa, akanyoosha mguu mbaya, akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku aliyoajiriwa. Binti alibaki amesimama kidogo, kisha naye akakaa, ngazi moja chini yake. Mfukoni simu ikaendelea kurekodi kwamba hapo wamesimama, na wamekawia sana.