Kiti cha Peru

Ukumbi wa mtaa wetu ulikuwa mkononi mwangu miaka hiyo, hapo Shauri Moyo unapoteremkia Gikomba. Nilikuwa na funguo za kila mlango isipokuwa wa choo, maana mlango wa choo ulikuwa umeshaibiwa. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupanga viti, kufukuza walevi, na kuwakumbusha watu wa harusi kwamba saa yao imekwisha na watu wa matanga wanangoja nje. Nilisoma hadi darasa la tatu, nikaacha baba alipovunjika mguu kule reli. Kwa hivyo nikigusa mambo ya dunia nikakosea, nisamehewe. Nasema nilichokiona.

Jumamosi mchana nusu ya ukumbi ilikuwa ya mabondia. Nusu ya pili ikaja kukodishwa na vijana wa ofisi, wenye tai na viatu vya kung'aa, waliokuwa wakifunzwa kuongoza dunia. Ndivyo alivyoniambia dada yangu, naye mmoja wao. Nikamuuliza, "Kwani dunia inawekwa chifu?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Brathe, dunia haina chifu. Ndio maana lazima watu wafunzwe kukaa meza moja."

Huyo dada ndiye kitinda mimba wetu, na ndiye peke yake kwetu aliyefika chuo kikuu. Alikuwa ameanza kazi katika ofisi ya mambo ya maji, anaamka alfajiri kupiga pasi blauzi moja ile ile. Mama alikuwa akimtazama akipita uwanjani, anasema, "Yule si wangu, ni wa Mungu, mimi nilimbeba tu."

Mwalimu wao alikuwa mzee mmoja mstaafu aliyekaa ofisi za ng'ambo miaka mingi. Aliongoza kikao kwa nyundo ya mbao aliyonunua kwa mafundi wetu wa Gikomba. Namna yake ya kufunza ilikuwa hivi: siku ya kwanza alitia vikaratasi ndani ya kofia, kila kikaratasi na nchi yake. Unachokitoa ndicho unachokuwa hadi mwisho wa mafunzo. Ujue nchi hiyo inakula nini, inauza nini, inaogopa nani, na uisemee kama umezaliwa kwake. Nchi yetu wenyewe haikuwamo kofiani. "Ukitaka kuongoza wengi," alisema, "kwanza ujue kusema kwa mdomo wa mtu mwingine." Dada yangu alitoa Nepal. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeitwa kwa jina lake tena. Ukiwasikia wakiagana mlangoni utafikiri ramani inazungumza: Brazili nikopeshe kalamu, Italia umeacha mwavuli wako.

Mwishoni wageni wa shirika lililolipia mafunzo wangekuja kuwasikiliza, wachague mmoja aende Ulaya kusomea kazi hiyo barabara. Mmoja tu. Na kwenda kulitaka paspoti. Vijana wa leo hawaelewi nikisema neno hilo. Siku hizo paspoti haikuwa haki yako, ilikuwa kama radhi ya mkwe, unaweza kuiomba ukazeeka. Dada yangu alikuwa ameomba, akaambiwa angoje. Akangoja. Mama aliiombea kanisani kwa sauti, Jumapili hata Jumapili, mpaka pasta akawa anaitaja kabla yake.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya ile Agosti ya redio na risasi, wanajeshi walipojaribu kuiangusha serikali, na watu walikuwa wamejifunza kuongea huku wakitazama mlango.

Aliyekuwa Peru alikuwa wakili mchanga, mfupi, mwenye maneno, anapanda na kushuka ngazi za korti ya Makadara na mafaili kwapani. Yule kijana angebishana hata na sahani ya ugali. Yeye na dada yangu walizozana mchana kutwa juu ya milima, mmoja akisifu ya kwake na mwingine ya kwake, na hakuna kati yao aliyewahi kupanda hata Ngong. Mimi nilidhani mbele kuna harusi. Asubuhi moja akatoka chumbani kwake kwenda kazini, na kazini hakufika. Jirani aliona gari jeupe, au alisema aliliona, kisha akasema hakuona kitu.

Mama yake aliuza sufuria Gikomba. Aliacha sufuria kwa mwenzake, akawa anakwenda Makadara kila asubuhi kusimama pale gari la mahabusu linapofunguliwa, awatazame wanaposhuka. Alitazama kila uso. Akirudi jioni hakuna aliyemuuliza, kwa sababu ungemwona ungejua.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alinikuta nakikunja kiti cha Peru nikiweke kando. Akaniambia, "Rudisha. Nchi haifutwi kwa sababu mjumbe wake hayupo." Basi kikabaki pale na kibao chake cha jina la nchi. Na tangu kiti hicho kibaki kitupu, vingine vikaanza. Italia akasema ana malaria. Brazili akahamishiwa Kisumu ghafla, mwenyewe akifurahi. Ikabidi mwalimu awaombe mabondia waje kujaza nafasi. Walikubali kwa sababu ya chai.

Hapo niseme kidogo juu ya bondia mmoja, wa uzito wa juu, mshusha magunia wa sokoni, aliyepewa kuwa Urusi. Alikaa na glavu zake mkononi kwa kuwa kuzifunga na kuzifungua ni kazi. Walimweleza kwamba wakubwa wachache wana kura ya turufu, yaani mmoja wao akisema hapana, hoja yote inakufa. Alilipenda neno hilo kama mtoto na firimbi. Mtu akitaka dirisha lifungwe, Urusi anainua glavu: "Turufu!" Watu wakisema chai iletwe, "Turufu!" Mpaka dada yangu akamwambia, "Urusi, utakufa na kiu kwa turufu yako mwenyewe."

Ndani ya kicheko hicho ndipo tulipomwona mgeni. Mtu wa makamo, koti la kijivu, gazeti, sauti ya upole. Alikaa nyuma kabisa karibu na ndoo zangu. Alinunua mayai ya kuchemsha kwa mama mmoja aliyeyauza pale mlangoni, akayamenya taratibu, na maganda akayafunga ndani ya leso yake akaondoka nayo. Nilifagia chini ya kile kiti nisipate hata punje. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Bondia aliniambia chini chini, "Buda, huyo ni sanse, na sanse wa mayai ndio wabaya." Sanse ni askari kanzu. Mwalimu yeye akasema kwa sauti, kwa heshima, kwamba mikutano ya dunia pia huwa na watazamaji, basi karibu Mtazamaji. Jina likamshika. Alikuja kila Jumamosi, akasikiliza kila neno, na wala hakuwahi kusinzia. Mimi nilikuwa nasinzia.

Siku ya kuamkia wageni nilimkalisha dada yangu uani, mama akiwa anachagua mchele.

"Kesho," nikamwambia, "sema habari ya maji. Sema habari ya theluji. Peru usimtaje."

"Nimesema nitamtaja?"

"Nakujua."

Mama akasema bila kuinua macho, "Mwanangu, mkono wako uko kinywani mwa mamba. Usimpige mamba kichwani."

"Mama, na mwenzangu aliye tumboni mwake?"

Nikajaribu tena. "Nenda kwanza. Ukishafika huko uliza mpaka koo likauke."

"Huko nitamuuliza nani, brathe?" akasema. "Wao ndio wamemchukua?"

Kesho yake wageni wakaja, mama mmoja wa Kizungu na wazee wawili wenye miwani. Nilitandika kitambaa cha harusi juu ya meza. Mwalimu, kwa furaha yake, akaongeza kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu tuanze: akaweka kibao kipya mezani, kibao cha Kenya. Alisema mkutano unafanyika nyumbani, na mkutano usio na mwenyeji ni harusi isiyo na bwana. Nani atakaa? Vijana wakatazama viatu vyao. Urusi mwenyewe, na mwili ule, akajifanya anafunga kamba ya glavu. Ukasikika mlio wa mafundi wa mabati kule chini sokoni, ko ko ko.

Nyuma gazeti likakunjwa. "Basi nitakaa mimi," Mtazamaji akasema, akatembea katikati ya viti, akaketi pale na kuweka mikono juu ya kitambaa cha harusi.

Walizungumza Kiingereza, lakini kwa miezi niliyofagia huku nikiwasikia nilikuwa nimeanza kukifuata. Wengine walisema ya kahawa, ya madeni, ya samaki. Ilipofika zamu ya Nepal dada yangu akasimama. Blauzi ile ile. Hakushika karatasi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hoja ya utaratibu."

Mwalimu akaikamata nyundo kama anayezuia nzi. "Endelea, Nepal."

"Mjumbe wa Peru hayupo kitini mwake, na si leo tu. Kwa kanuni tulizofunzwa, usalama wa wajumbe ni jukumu la nchi mwenyeji. Nepal inamwomba mwenyeji aueleze mkutano huu: Peru yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshika ufagio. Niliushika ule ufagio kama nguzo ya nyumba.

Ndipo Urusi aliposimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akainua glavu zote mbili. "Turufu!" Jasho lilikuwa likimtoka. "Mwenyekiti, turufu! Hilo swali limekufa! Nimeliua!" Niliona machoni mwake kwamba hafanyi mzaha. Alikuwa anajaribu kumkinga kwa kitu pekee alichopewa.

Mwalimu akafungua mdomo, lakini aliyesimama akazungumza ni Mtazamaji. Alizungumza polepole, kama anayemsaidia mtoto hesabu. "Samahani, Urusi. Turufu haizuii hoja ya utaratibu. Tulifundishwa mwezi wa pili." Akamgeukia dada yangu. "Kenya imelisikia swali la Nepal. Kenya inamfahamu Nepal vizuri. Inajua nyumba anayoishi, na inamtakia kila la heri."

Akaketi. Wageni wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi! Yule mama wa Kizungu alijifuta macho, akamwambia mwalimu hajaona vijana wakiigiza kwa ukweli namna ile. Kabla chai haijapoa walikuwa wameshamchagua dada yangu. Mwalimu alimpa mkono akatabasamu kwa meno tu. Nyumbani hatukusherehekea. Tuliweka kiti nyuma ya mlango, tukakaa tukisikiliza kila gari linalokata kona.

Mtu akaja siku ya pili baada ya kazi, kwa miguu, akabisha taratibu. Mitaa ya kaunsili ya jiji nyumba zote zinafanana, hata wajomba zetu walikuwa wakipotea, lakini yeye hakuuliza kwa jirani. Koti la kijivu. Akamsalimia mama kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa matamshi safi ya kijijini kwetu, na mama akamletea chai, maana mgeni ni mgeni. Akainywa yote. Akasema, "Mama, umelea." Kisha akatoa bahasha mfukoni akaiweka juu ya kitambaa cha kufuma. Ndani kulikuwa na paspoti ya dada yangu, mpya, inanuka gundi.

Ile paspoti tuliyoiombea. Dada yangu hakuigusa. Mama ndiye aliyeichukua, akaitia kifuani.

Nilimsindikiza mgeni hadi kwenye mfereji wa maji, kwa sababu miguu yangu ilikwenda tu. Akasema, "Ana kipaji. Mwambie asome sana. Na asiwe na haraka ya kurudi."

Sijui nilipata wapi ulimi. Nikamuuliza, "Na yule kijana, mkubwa? Yule wa Peru?"

Alinitazama bila hasira hata kidogo. "Peru ni mbali sana, mzee," akasema, na wakati huo mimi sikuwa mzee.

Akaenda, dada yangu. Tulikodi lori la makaa, tukalifagia, kwaya ikapanda, tukamwimbia mpaka uwanja wa ndege wa Embakasi. Hakulia alipoaga watu. Alilia alipomkuta mama wa Peru ndani ya umati, amevaa kitambaa cha Jumapili, amekuja kumsindikiza kama wa kwake. Walishikana muda mrefu na sikusikia walichoambiana. Yule mama aliendelea kwenda Makadara miaka na miaka, hata baada ya makarani kubadilishwa wote, na alikufa bila kuambiwa kitu. Mimi pia sijaambiwa hadi leo.

Mafunzo ya Ulaya yakaisha. Siku moja dada akatuma habari kwamba atapiga simu katika ofisi ya kanisa, tuje. Mama alivaa viatu. Nilikuwa nimemsikia mwezi mzima akipanga: mtoto akirudi atalala wapi, kuku gani atachinjwa, blanketi lipi lianikwe. Simu ikalia, pasta akampa. Sauti ya dada yangu ilitoka ndani ya ule mkono wa simu ikiwa ndogo lakini safi, nilisikia kila kitu.

"Mama, nimemaliza. Wamenipa kazi huku lakini nimesema nitawajibu kesho. Nataka kurudi nyumbani. Nirudi?"

Mama alinitazama. Halafu akatazama mlango wa ile ofisi, uliokuwa wazi, na nje watu wanapita na mizigo yao ya soko.

"Kaa huko, mama yangu," akasema. "Huku mvua ni nyingi."

Kulikuwa na kiangazi. Vumbi lilikuwa limejaa mpaka kwenye meza ya pasta. Ng'ambo kule dada yangu akasema, "Nimeelewa, mama," na mama akaendelea kumsimulia habari za mvua, jinsi inavyonyesha, jinsi isivyokoma, mpaka laini ikakatika.